Msumari wa Darasa la Sita

Asubuhi ile niliondoka nyumbani kwa yaya yangu, pale Manika, kwa sababu alikuwa ameanza kunifagilia miguuni. Yaya ni dada yangu mkubwa, na hajawahi kumfukuza mtu kwa maneno. Anafagia. Mgeni akikaa wiki moja, anafagia karibu naye. Akikaa mwezi, anafagia juu ya viatu vyake huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya upole. Mimi nilikuwa nimemaliza miezi miwili. Nikachukua mfuko wangu wenye suruali moja, shati moja na betri ya simu isiyokuwa na simu, nikamwambia ninakwenda. Hakuuliza wapi. Alinifungia mihogo ya kuchemsha katika karatasi, kisha akafagia mahali nilipokuwa nimesimama.

Sikuwa na mpango, lakini nina njia yangu ya kukosa mpango. Ninafika mahali pikipiki za abiria zinapokusanyika, waendeshaji wote wananiita kwa pamoja, na mimi nampanda yule asiyeniita. Asiyeita mteja tayari ana pa kwenda, na pa kwenda ndicho kitu pekee ninachokuwa sina.

Asubuhi ile asiyeniita alikuwa kijana aliyelaza juu ya tangi lake bunda refu la karatasi kubwa, zile za kuandikia mafunzo. Kila akiwasha injini, bunda liliteleza upande mmoja. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Tata, unishikie hii makaratasi," alisema, akiniita tata kama huku wanavyomwita kila mwanamume mzima. "Mi nakupeleka Kapata bure."

Ndivyo nilivyokwenda Kapata. Mtu akiniuliza leo nilianzaje kufundisha watoto kuishi bila kupigana, na wapo walioniuliza, ukweli ni kwamba nilianza kwa kubeba karatasi.

Kapata ni mistari ya nyumba ambazo kampuni ya migodi ilizijenga zamani kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nyumba zote ni sawa, kwa hiyo wenyewe wamezitofautisha kwa rangi za milango. Wazee wa pale wanaitaja kampuni kama ndugu aliyefariki kabla ya kugawa urithi. Shule ilikuwa mwisho wa mistari hiyo, na mlangoni tulimkuta mama mmoja mfupi, mwalimu wa mafunzo aliyetoka Lubumbashi, amevaa viatu vyeupe vya kitambaa ambavyo vumbi letu jekundu lilikuwa limekwisha kuvichukua nusu. Alikuja kuwafundisha walimu namna ya kusema na watoto bila fimbo na bila matusi. Msaidizi wake alikuwa amepiga simu kusema anaumwa tumbo.

Tuliingia darasa la sita, ambalo ndilo lililokuwa na madawati mengi. Hapo tukagundua kwamba ubao hauna misumari ya kutundikia karatasi, ukuta ni wa saruji inayomomonyoka, na utepe wa gundi unashika vumbi badala ya kushika ukuta. Mama wa mafunzo alitazama huku na huku, kisha akanitazama mimi.

"Tata, mikono yako ni mirefu," alisema. "Ushike hapo juu. Dakika tano tu."

Nilishika hapo juu hadi karibu saa nane na nusu mchana. Nimewahi kuwa mchimbaji, mwosha mawe, mpiga debe na mlinzi wa nyumba isiyokuwa na kitu ndani; siku ile niliajiriwa kuwa msumari. Si kazi mbaya. Msumari anasikia yote, na hakuna anayemuuliza alisoma mpaka darasa gani.

Mimi nilisoma mpaka la tano. Nilitoka kwa dirisha. Mwalimu alikuwa ameninyooshea fimbo kwa kosa ambalo sasa silikumbuki, nami nikaruka nje. Shule ile ilikuwa na sheria ambayo nadhani kila shule ya huku inayo: mtoto aliyekimbia fimbo harudi kwenye dawati mpaka arudi kwenye fimbo, na mzazi wake awepo ashuhudie. Niliahirisha siku moja, halafu wiki, na tangu hapo sijasimama. Watu wanasema nina roho ya kupenda safari. Sijawahi kuwasahihisha.

Walimu walikuwa kumi na wawili, pamoja na mkuu wa shule, mzee mpole aliyetazama saa yake kila mara kwa sababu alikuwa na jambo la siku ile: orodha ya wanafunzi watakaofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi ilitakiwa ifike kwa wakaguzi, mjini, kabla ofisi hazijafungwa. Jina lisilokuwemo kwenye orodha, mwenye jina hilo anarudia mwaka. Hakuna rufaa.

Mtu aliyekuwa na orodha hiyo alikuwa mwalimu wa darasa la sita mwenyewe. Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka likawa na makali. Miwani yake ilikuwa na kioo kimoja. Upande wa pili palikuwa hewa. Mbele yake, juu ya dawati, aliweka mpira. Nasema mpira kwa sababu ndivyo shule nzima ilivyouita: kipande cha mkanda wa zamani wa kusafirishia mawe mgodini, urefu wa mkono, upande wa kushikia umefungwa kitambaa. Aliuweka taratibu, kama watu wengine wanavyoweka simu mezani ili ionekane.

Mama wa mafunzo aliomba kwamba kwa leo tu vitu vya namna ile viwekwe ndani ya katoni karibu na mlango. Fimbo tatu ziliingia, na rula moja ya chuma. Mwalimu wa la sita aliukunja mpira wake mara mbili na kuulaza juu ya vingine.

Somo lenyewe lilikuwa na hatua nne, na zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi niliyoishika, kwa hiyo nilizisoma kwa kichwa kilichopinduka. Kwanza useme kile ulichokiona, bila kumhukumu mtu. Pili useme unavyojisikia. Tatu useme unachohitaji. Nne uombe. Mama alirudia ile ya nne mara nyingi: ombi si amri. Ukiomba, yule unayemwomba ana haki ya kukataa, na akikataa usimwadhibu, la sivyo hukuomba, uliamuru kwa sauti laini.

Walimu walizipokea hatua hizo kama walivyopokea semina nyingine zote, yaani waliziandika na kupiga mstari chini yake. Matunda ya kwanza yalionekana saa nne, mikate na soda zilipoletwa. Mwalimu mmoja wa la pili, mnene na mwenye furaha, alisimama mbele ya sanduku akasema kwa heshima kubwa, "Naona soda moja imebakia. Najisikia kiu. Nahitaji kunywa. Naomba ile ya mwisho." Mwenzake akamjibu kwamba naye anaona soda ileile, na anajisikia vilevile. Walisimama pale wakielezana haja zao mpaka mkuu wa shule akainywa.

Mimi nililetewa mkate mahali nilipokuwa. Mama wa mafunzo ndiye aliyenilisha, kwa vipande, kwa sababu mikono yangu ilikuwa kazini. Nilipokuwa natafuna nilikuwa na muda wa kutazama ubao uliokuwa karibu na pua yangu. Lilikuwa limebaki somo la jiografia la jana, kuhusu mto Lualaba, limeandikwa kwa mwandiko ambao sijauona hata kwenye vyeti vya ndoa. Nilimuuliza mkuu wa shule kama ni wa mwalimu. Akacheka kidogo. Alisema macho ya mwalimu yamechoka, na tangu kioo kile kivunjike anayemwandikia ubaoni ni msichana mmoja wa darasa lake. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba msichana huyo hayupo tena.

Habari yenyewe aliisema kwa sauti ya chini, akinielekea mimi kama mtu anavyouelekea ukuta. Jana yake, pale bombani, mwenzake mmoja alimwambia msichana huyo kwamba mama yake ananuka matope ya mto, kwa kuwa mama huyo anaosha mawe ya wachimbaji huko Mutoshi. Msichana alikuwa na bidoni, dumu la plastiki, iliyojaa maji. Alimpiga nayo, mdomo ukapasuka. Mwalimu akamwita apokee mpira, na msichana akakimbia. Sheria ilikuwa ileile. Asiporudi na mzazi, hayupo darasani, na asiyekuwepo darasani mwalimu hamwandiki kwenye orodha. Na orodha inaondoka leo saa kumi.

Baada ya hapo mikono yangu ilianza kuuma, na nadhani haikuwa kwa ajili ya karatasi.

Walikuja mchana, mara baada ya mazoezi kuanza tena. Watoto waliokuwa wamepewa likizo ya siku moja hawakuwa wamekwenda nyumbani. Walikuwa wamejaa kwenye madirisha, ambayo vioo vyake viliondoka zamani, na wao ndio waliotutangazia. "Anakuya," walisema, "anakuya na mama yake." Mama aliingia kwanza, akiwa na kitenge kilicholowa pindo, viganja vyake vimekunjamana kwa maji. Alikuwa ametoka mtoni moja kwa moja. Nyuma yake alisimama msichana mwembamba mwenye shingo ndefu, anayetazama sakafu kana kwamba kuna kitu ameandika pale.

Mama alipiga magoti, akapiga makofi polepole mara mbili, kama wanavyosalimia wanawake wa kwao.

"Tata mwalimu," alisema, "mutoto ni huyu. Nimemuleta."

Mwalimu wa la sita alisimama. Nilimwona anatazama katoni mlangoni, kisha anamtazama mama wa mafunzo, kisha karatasi yangu. Wote tulikuwa tunamwangalia, na yeye alikuwa mwanafunzi bora wa siku ile. Hatua nne alikuwa amezishika ndani ya robo saa. Akasafisha koo.

"Mutoto," alisema, "jana niliona ulikimbia wakati nilikuita. Najisikia na uchungu. Nahitaji heshima ndani ya darasa yangu." Akahesabu kwa vidole, akaona imebaki moja. "Naomba unipe mukono."

Hatua zilikuwa kamili. Hakuhukumu, hakutukana, alisema moyo wake. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu, kwamba alikuwa anaomba ruhusa ya kupiga. Mama wa mafunzo alitafuta kwenye daftari lake kama kuna ukurasa unaosema kitu kuhusu hilo. Hakuupata. Mwishowe alisema kwa sauti ya wasiwasi kwamba mwalimu amesema vizuri, ila wakumbuke kwamba ombi ni ombi.

Msichana aliinua uso. Baadaye nilijua kwamba tangu asubuhi alikuwa amesimama nyuma ya dirisha la mwisho, kabla ya kwenda kumwita mama yake mtoni, na kwamba alikuwa amesikia somo lote.

"Ni ombi?" aliuliza.

"Ni ombi," akasema mwalimu.

"Basi nakatala, mwalimu."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtoto anayejibu swali la hesabu. Lakini mle ndani hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia jibu hilo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kuulizwa. Mwalimu wa la sita alibaki amenyoosha kiganja chake, akingojea mkono ambao hauji, na sheria aliyoiandika kwa mkono wake asubuhi ileile ilimkataza kuudai.

Yule mama wa mafunzo alianza kufurahi. Alisema tumeona jambo kubwa, tumpigie mtoto makofi. Mtu mmoja akapiga, akaacha.

Aliyevunja furaha hiyo ni mama wa msichana. Alikuwa bado amepiga magoti. Alimgeukia mgeni huyo wa viatu vyeupe, akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni.

"Mama, unisikie," alisema. "Kama banamupiga, inaisha. Leo banamupiga, kesho anakaa pa banki yake ndani ya darasa, hakuna mutu anasema tena. Kama hawamupige, hii mambo itabakia. Itabakia pa muji, itabakia pa macho ya mwalimu. Na jina yake itabakia inje." Kisha akamgeukia mwalimu. "Tata, mumupige. Mi naomba. Biishe."

Sasa tulikuwa na maombi mawili, yote yamesemwa kwa adabu, yote yakitaka mtoto apigwe, na mtu mmoja tu aliyekataa, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Saa ya mkuu wa shule ilikuwa inakaribia saa nane na nusu.

Nilimwelewa yule mama. Nilimwelewa kuliko nilivyomwelewa mwenye daftari. Mpira ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa na kitu ambacho hatua nne hazikuwa nacho: ulikuwa na mwisho. Ukishapigwa, umemaliza. Yule asiyepigwa anabaki na kosa lake mkononi, hajui aliweke wapi, na anaweza kutembea nalo miaka ishirini na kitu akiwaambia watu kwamba anapenda safari.

Labda ndiyo sababu nilisema. Sikuwa nimekusudia. Uso wangu ulikuwa nusu nyuma ya karatasi, kwa hiyo nilisikia sauti yangu inatoka kama ya mtu mwingine.

"Kule shimoni," nilisema, "mugomvi wako njo anashika kamba."

Mkuu wa shule aligeuka. "Kumbe ukuta unasema," alisema, na watu wakacheka, na kile kicheko kikatufaa wote.

Nilishusha karatasi na kueleza. Nilichimba Mutoshi misimu mitatu. Anayeshuka shimoni anaacha maisha yake kwenye mikono ya anayebaki juu na kamba. Sasa, wachimbaji wanagombana kila siku, kwa ajili ya sigara, kwa ajili ya wanawake, kwa ajili ya nani alianza kulicheka kabila la nani. Kikundi chetu hakikuuliza nani ana haki, maana tungeuliza mpaka jua lizame na mawe yabaki chini. Waliogombana jana, leo mmoja anashuka na mwingine anamshikia kamba. Yeye na si mtu mwingine. Kabla hawajakubaliana hivyo, hakuna anayefanya kazi. Na siku inayofuata wanabadilishana.

Niliwaambia kwamba mimi nimewahi kushikiwa kamba na mtu niliyemng'oa jino. Hajawahi kushika kitu vizuri kama alivyonishika siku ile. Alijua kwamba nikianguka, kila mtu atasema ni lile jino.

Walimu walicheka tena, isipokuwa wa la sita. Alinitazama kwa lile jicho lenye kioo.

"Tata, hapa ni shule," alisema. "Hatuna shimo. Kamba ni gani?"

Nilielekeza kwenye mfuko wa shati lake, pale ambapo karatasi ya orodha ilikuwa imekunjwa. Ilikuwa bado ya penseli, yenye kufutwafutwa. Mkuu wa shule alikuwa amenong'ona mara mbili kwamba inakiliwe kwa wino, bila doa, na mwalimu alikuwa amejibu mara mbili kwamba ataifanya. Hakuwa ameanza. Nilidhani najua kwa nini, nikaona nisiseme. Ni mkuu wa shule aliyesema, kwa upole wake, akitazama saa. Alisema mwaka jana jina moja lilirukwa. Mtoto huyo alirudishwa kutoka mlango wa mtihani, na sasa anakaa tena dawati la mbele, hapohapo, kila siku.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta upande wenye kioo, na kwa mazoea akaufuta na ule usiokuwa nacho. Bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mzee kidogo na mwenye kuogopa. Kisha alitoa ile karatasi mfukoni, akainyoosha juu ya dawati, akaweka pembeni karatasi safi na kalamu yake mwenyewe, ile ya kutilia sahihi.

"Kuya uandike," alimwambia msichana. Akafikiri. "Naomba."

Msichana alimtazama mama yake, kisha akamtazama mwalimu kwa muda, kama mtu anayechungulia kina cha shimo. Halafu akakaa.

Aliandika kwa muda mrefu. Yalikuwa majina thelathini na nane, kila jina na mahali pa kuzaliwa na jina la baba. Mle ndani hakuna aliyeondoka. Mama wa mafunzo alitaka kuendelea na zoezi la saba, lakini hakuna aliyemsikiliza, naye mwishowe akaketi na kutazama kama sisi. Watoto wa madirishani walikuwa wakinyoosha shingo kila mmoja akitaka kuona kama amefikiwa. Katikati ya ukurasa kalamu ilisimama. Wote tulijua ni jina la nani. Mwenye jina alikuwa dirisha la pili, na kitambaa mdomoni. Msichana aligusisha ncha ya kalamu kwenye karatasi, akaiinua, akaigusisha tena. Ilikuwa rahisi sana kuruka mstari mmoja. Mwalimu asingeona, asingeweza kuona. Aliandika. Sitasema aliandika vizuri kuliko mengine, kwa kuwa yote yalikuwa mazuri, lakini hili alilikausha kwa kulipuliza.

Alipofika kwenye herufi ya jina lake mwenyewe aliacha mstari mtupu, akaendelea na walio chini. Akamaliza. Akaigeuza karatasi, akaisukuma juu ya dawati kuelekea kwa mwalimu, na kalamu juu yake.

Huyo mtoto sikumfundisha mimi. Mimi niliwaambia wanabadilishana siku inayofuata. Yeye aliona siku inayofuata ni mbali.

Mwalimu aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa karatasi. Alitafuta ule mstari kwa kidole. Aliandika jina la msichana herufi moja moja, kwa mwandiko uliopanda na kushuka kama kuku amepita pale na miguu yenye wino, waziwazi mbele ya walimu kumi na mmoja na watoto wa madirisha manne. Orodha nzima ikawa safi, ila mstari mmoja.

"Njo imeisha?" aliuliza yule mama, akiwa hajainuka bado.

"Imeisha, mama."

Alimtazama kuona kama ni kweli. Nadhani alikuwa bado anaiamini zaidi ile njia ya mpira, ambayo alama zake zinaonekana. Kisha alipiga makofi mara mbili, akainuka, akamshika binti yake begani kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, wakatoka.

Saa kumi kasoro robo pikipiki ilikuja kunichukua, kwa kuwa yule kijana aliona ameniachia kazi kubwa kuliko nauli. Lakini mkuu wa shule alikuwa amesimama barabarani na orodha ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya koti, na hapakuwa na pikipiki nyingine. Nikampa nafasi yangu. Alipanda akiwa ameshika kifua chake kwa mikono miwili, na vumbi likamfunika.

Gari la mama wa mafunzo lilikuwa dogo na lilijaa makatoni. Kabla ya kuondoka alikuwa anaandika ripoti yake juu ya boneti, akaniuliza jina la ile mbinu. Nikamwambia ni kamba tu. Aliandika maneno marefu zaidi. Aliniuliza pia ninafanya kazi gani, nikasema leo nilikuwa msumari, naye akaandika "mwezeshaji wa jamii." Alinishukuru kwa moyo wote, na sikuona sababu ya kumcheka, maana kama asingekuja na sheria yake kwamba ombi linaweza kukataliwa, yule mtoto asingepata mahali pa kusimamia. Kwa ripoti hiyo niliitwa baadaye kwenye shule nyingine mbili, kwenda kueleza.

Nilibaki na mfuko wangu langoni. Walimu walikuwa wamekwisha kuichakura katoni na kuchukua kila mtu kilicho chake. Wa la sita alitoka wa mwisho, mpira umekunjwa chini ya kwapa.

"Unalala wapi, tata?" aliniuliza.

Nilimwambia sijajua. Alitembea mbele yangu, kupita mistari ile ya nyumba zinazofanana, nami nikahesabu milango: kijani, nyekundu, kijani, isiyokuwa na rangi. Wake ulikuwa wa buluu. Mke wake alitupatia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo, akaniuliza kwetu ni wapi, na alipoona ninachelewa kujibu akaniongezea bukari. Wakati wa kula nilimuuliza mwalimu kama sasa mpira umestaafu. Akajikatia tonge jingine.

"Yule mama anarudi Lubumbashi kesho," alisema. "Batoto banabakia."

Sikumsukuma. Nilikuwa ninakula bukari yake.

Chumba alichonipa kilikuwa cha mwanawe aliyekwenda kuchimba. Kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha lisilokuwa na kioo. Mlango haukuwa na kitasa, palikuwa na tundu tu na msumari kwenye fremu. Mwalimu alijaribu kuufunga, ukafunguka wenyewe. Akajaribu tena. Kisha akaenda sebuleni, akarudi na ule mpira, akanionyesha jinsi ya kuupitisha kwenye tundu na kuuzungusha kwenye msumari. Mlango ukashika.

"Asubuhi utanirudishia," alisema. "Mbele ya kengele kulia." Alikuwa amekwisha kugeuka, halafu akasimama. "Naomba."

"Ni ombi?" nilimuuliza.

Alinitazama kwa lile jicho lenye kioo, na sikuweza kujua kama anakasirika au anacheka. "Ni ombi," alisema, akaenda.

Nilikaa kitandani nikiutazama ule mpira umeshika mlango vizuri, pengine vizuri kuliko ulivyowahi kushika kitu kingine. Halafu nikalitazama dirisha. Lilikuwa kubwa kiasi cha mtu kupita. Nilipima kwa macho, kwa mazoea tu. Kisha nikavua viatu, nikaviweka chini ya kitanda, mbali na mlango na mbali na dirisha.